Shavu la Mwana Tima

Mimi Komora hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimefungua sanduku la arusi kule Idsowe, mto ulipofurika na kurudi mahali pake, nikakuta kenge mzima amelala juu ya nguo za marehemu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Nimenunua saa ya ukutani mjini Hola kwa bwana aliyeapa kwamba babu yake alizawadiwa na Mjerumani, nikafika nayo nyumbani, nikaifungua mgongo, nikakuta mahali pa kuweka betri mbili. Nimeletewa sinia la shaba lililozikwa makusudi kwenye tope la shamba la mpunga ili lipate uzee. Nikalinusa, nikamwambia mwenyewe, "Rudi ukalizike tena, bado changa." Kuanzia Kipini mpaka Nanighi, hapajatokea mtu wa kunifunga macho kwa vitu vya kale. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema barazani, watu wakicheka, nami nikiwaagizia chai wote.

Sasa nimeacha kazi. Haipiti wiki bila kijana kunijia na swali lile lile: "Mzee, tufundishe. Ulianzaje?" Na swali la pili ambalo huliuliza kwa sauti ya chini: "Mbona uliacha na bado una nguvu?" Hapo huwa najishika kiuno, nakunja uso kidogo, nao husema pole ya mgongo. Mgongo wangu hauna neno. Nimewaacha, vijana, muamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko haya ninayoandika sasa.

Niliishia darasa la nne. Sikuwa na baba wa kunisomesha wala mjomba serikalini. Leo nyumba yangu ina vigae sebuleni, watoto wangu wamesoma mpaka wakachoka wenyewe, na ziko hoteli Malindi na Lamu ambazo mgeni akiingia mlangoni, kitu cha kwanza anachokisifu kilipita mikononi mwangu. Birika, sinia, masanduku ya misumari ya shaba, viti vya kukalia mabwana arusi, vibuyu vya maziwa vya Waorma. Nilianza nikitembea na gunia begani. Nikapanda baiskeli. Nikajenga duka la mawe hapa Garsen, mkabala na barabara, ili mtu yeyote anayekwenda Malindi, Hola au Lamu lazima alione.

Aliyenifunza ni Mzee Shee, Mungu amrehemu, mfanyabiashara wa Kipini. Alinichukua kama mchukuzi, nikawa nabeba mizigo yake ya shaba, na kidogo kidogo akaanza kunitupia maneno. Alinifundisha kugeuza kila kitu chini juu kabla ya kukitazama usoni, kwa sababu mwongo hupaka rangi usoni na kusahau tako. Alinifundisha kunusa ndani ya droo: mbao za zamani hunuka pilipili manga na vumbi, za juzi hunuka gundi. Alinifundisha kugonga shaba kwa ukucha na kusikiliza. Na juu ya yote alinifundisha kuosha. "Safisha kwanza, halafu taja bei," ndivyo alivyokuwa akisema kila siku, na mimi nikaifanya ndiyo dini ya duka langu. Ukwaju ulolowekwa usiku kucha, majivu ya ukuni yaliyochekechwa kwa kitambaa, chumvi kidogo, ndimu kwa zile sehemu zilizoota kijani. Sinia liliingia kwangu jeusi kama sufuria ya matanga, likatoka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Watu walidhani ni uchawi. Ni ukwaju.

Nilipata onyo mapema, ila sikulisikia. Mzungu mmoja aliniagiza kibuyu cha maziwa cha Kiorma, cha zamani, kilichotumika. Nikakipata kizuri mno kwa mama mmoja wa Kiorma, nikakiosha kwa sabuni nje na ndani, nikakianika juani. Mzungu akakiinua, akakitia pua, akanitazama kama mtu aliyefiwa. Alitaka ile harufu ya moshi na maziwa ya miaka. Mimi nimempa harufu ya sabuni ya kufulia. Alikiacha kaunta, akaondoka. Nilikisimulia kisa hicho miaka na miaka kama kichekesho cha Wazungu na pua zao. Mimi ndiye niliyestahili kuchekwa.

Nyinyi wa siku hizi mna njia zenu. Unakuta kitu kwa mtu, unakipiga picha, unakituma, na bei inarudi kutoka Nairobi kabla chai haijapoa. Nilikuwa nikiwabeza: picha haionyeshi uzito, picha haina harufu. Bado nasema hivyo. Lakini nilikuja kuomba, kwa machozi, ipatikane picha moja tu ya simu ya kitu kimoja tu, na haikuwepo.

Haya, sasa niseme.

Bi Fatuma alikuja dukani asubuhi, ameshuka kwenye gari la kutoka Kipini, yeye na mjukuu wake Salma. Bibi mwenyewe mdogo wa mwili, buibui lake safi, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Salma binti mrefu, hina bado haijatiwa mikononi, lakini ukimwona tu unajua ni mchumba wa mtu, kwa jinsi alivyokuwa akiangalia simu na kujichekea.

"Wewe ndiye Komora?" Bibi akauliza.

"Ndiye mimi, Bibi. Garsen nzima Komora ni mmoja."

"Alhamdulillahi. Wawili wangetuchosha."

Salma akacheka kwa ndani ya mtandio. Mimi pia nikacheka, maana nilikuwa nimezoea kusifiwa na mtu asiponisifu nilidhani anatania.

Bibi akatoa leso iliyokunjwa ndani ya leso nyingine, akaniita kwa Kiswahili cha kwao. "Ndoo karibu. Usishike kwanza. Tazama kwa mato."

Ndani yake palikuwa na kidude cha mviringo mrefu, ukubwa wa yai la kuku, kimezungushiwa dhahabu, na kitanzi juu cha kupitishia mkufu. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ya kioo palikuwa na picha ya mtoto wa kike, imechorwa kwa mkono, kwa rangi, ndogo kiasi kwamba mchoraji lazima alitumia brashi ya unywele mmoja.

"Huyu ni Mwana Tima," Bi Fatuma akasema. "Bibi yangu mimi, mzaa mama. Hapo ni mtoto. Alizaliwa nyumba ya sultani, upande wa Witu, masultani walipokuwa bado wanatawala mwitu ule na Wazungu wanakuja kuomba mikataba. Mgeni mmoja wa hao alikuwa na brashi. Hicho ndicho alichokiacha."

Akanieleza kwamba kila binti wa ukoo wao siku ya kupambwa huvaa picha ile kifuani, mbele ya wanawake peke yao. Mama yake Bi Fatuma aliivaa. Bi Fatuma aliivaa. Mama yake Salma aliivaa, na sasa amefariki, na arusi ya Salma ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kioo kilipasuka walipokuwa wanahamisha kabati.

"Nataka kioo tu," akasema. "Uso usiuguse."

"Bibi, mimi nimetengeneza vitu vya—"

"Sikukuuliza umetengeneza nini. Kioo tu. Na usiipige picha. Hakuna mwanamume asiye wa nyumba yetu aliyeishika hii. Wewe wa kwanza."

Nikaahidi yote mawili, mkono kifuani. Ahadi ya picha niliitimiza.

Walipoondoka, nilifanya jambo nililokuwa nikilifanya kwa kila kitu. Nilikigeuza chini juu. Nikatazama mgongo wa fremu, nikaona alama ndogo ya sonara, nikaona mahali kitanzi kilipowahi kukatika na kuungwa kwa risasi iliyoyeyushwa na fundi asiyejali, nikaona mikwaruzo mitatu karibu na bawaba. Nikakipima kiganjani. Nikagonga kwa ukucha. Dhahabu ya kupakwa juu ya shaba. Nikafanya hesabu kichwani ya mteja gani wa Malindi angetoa ngapi, ingawa hakikuwa cha kuuzwa. Mtoto aliyekuwa ndani nilimtupia jicho kama mtu anavyotazama bei iliyobandikwa.

Kioo nilikifanya vizuri, hilo nitajisifu hata kaburini. Nilikata kwenye kioo chembamba cha saa kuukuu, nikakisaga ukingo kwa mchanga na maji juu ya jiwe la kunolea, taratibu, hadi kikakaa kwenye fremu bila kulazimishwa. Kazi hiyo haifanywi kwa haraka, vijana. Kioo kikivunjika mara moja unaanza upya, na hupati faida kwa kuwa na hasira.

Kosa lilikuwa baada ya hapo. Ilikuwa mchana, nimeshakula wali na samaki wa mto, duka tulivu. Kioo cha zamani nimekitoa, kipya kiko mezani kinasubiri, na picha iko wazi mbele yangu. Nikaona ukingoni koga, vidoa vya njano njano. Na kwenye shavu la mtoto nikaona uvimbe, rangi imetuna upande mmoja, nikasema maji yameingia hapa. Nikajiambia: Bi Fatuma hajawahi kumwona bibi yake akiwa safi. Mimi Komora nitamwonyesha. Atarudi Kipini akisimulia habari zangu. Wanawake wote wa arusi watauliza ni nani aliyefanya.

Picha ile ilichorwa juu ya kibapa cheupe, chembamba kama ukucha, kina mistari laini ukiinamisha mwangani. Mimi nikadhani ni kama vile vikombe vya kauri na sahani za enameli, ambazo ua limechomwa motoni na hata ukisugua kwa mchanga halitoki. Sikujiuliza zaidi. Nilichukua pamba, nikaichovya kwenye maji ya ukwaju, nikaikamua, nikaanza na shavu.

Pamba ikatoka na rangi ya waridi.

Nikafurahi. Wallahi mimi si Mwislamu lakini naapa hivyo: nilifurahi. Nikasema tazama uchafu wa miaka mia unavyotoka. Nikachukua pamba nyingine. Ikatoka ya kahawia. Nikachukua nyingine. Nilipoinua mkono kutazama kazi yangu, mtoto hakuwa na shavu. Palikuwa peupe, paking'aa. Nikashtuka, nikanyakua kitambaa kikavu nifute yale maji, na kitambaa kikalivuta jicho lake mpaka kwenye sikio.

Sikilizeni sasa, maana hili mtalihitaji na mimi nililipata kwa kuchelewa. Kile kibapa kilikuwa pembe ya ndovu. Wachoraji wa zamani waliikata nyembamba wakachora juu yake kwa rangi ya maji, ili weupe wa pembe uwe ndio ngozi inayong'aa. Rangi ya maji juu ya karatasi huzama. Juu ya pembe haina mahali pa kuzama, imekaa tu juu, kama unga juu ya meza. Miaka mia ilikaa hivyo kwa sababu kila mwanamke aliyeishika alijua asiiguse.

Nilimpigia simu mteja wangu wa Malindi, mtu anayejua mambo haya, nikamwuliza kwa mzunguko kama kuna fundi wa kurudisha uso uliofutika.

"Imechorwa juu ya nini?" akaniuliza.

"Kitu cheupe. Kina mistari."

Akashusha sauti, akasema, "Komora, kitu hicho usikitaje tena kwenye simu yangu. Usiniletee, usinipigie picha, na mimi hujaniambia." Akakata. Sote tunajua sheria inavyosema juu ya pembe siku hizi, awe ndovu amekufa leo au alikufa babu zetu hawajazaliwa. Kwa hiyo mafundi wa mjini hapana.

Nikaenda kwa Kazungu. Kazungu ni kijana wa Kigiriama aliyehamia na wazazi wake kulima huku, akachoka na jembe akashika brashi. Vinyozi, hoteli, maduka ya dawa za mifugo, mabango ya wagombea, yote ni yake. Nikamkuta anamalizia ng'ombe kwenye ukuta wa bucha.

"Bosi, hii ndogo sana," akasema alipoiona. "Mimi nimezoea ukuta."

"Utaweza. Nitakulipa vizuri."

"Haya. Alikuwaje?"

"Msichana."

"Msichana, sawa. Macho makubwa, madogo? Pua? Alikuwa anacheka, amenuna? Kichwani alivaa nini?"

Vijana, mimi ndiye niliyekuwa nikitambua sinia nililoliuza miaka kumi iliyopita kwa mkwaruzo wake. Ningeweza kumwambia Kazungu mahali kitanzi kilipoungwa. Ningeweza kumchorea ile alama ya sonara mchangani. Uso wa mtoto ulikuwa mezani kwangu siku nne, na sikuwa nao.

"Alikuwa mzuri," nikasema.

"Wote huwa wazuri, bosi," Kazungu akajibu, akaanza kutafuta brashi ndogo.

Akachora mwanamke mzuri. Nyusi zimepinda, midomo myekundu, hereni za mviringo. Nilimtazama nikajilazimisha kumpenda. Nikafunga kioo changu kipya juu yake, nikasugua fremu, nikaiweka kwenye ile leso. Na hapo ndipo aibu yangu yenyewe ilipo. Mtu anaweza kuharibu kitu kwa ujinga, na ujinga nilikuwa nao wa kutosha. Lakini mimi nilikaa siku mbili nikifanya mazoezi ya uongo nitakaoutumia.

Walikuja Jumanne. Safari hii Salma ana hina mpaka kwenye viwiko. Bi Fatuma akakaa, akakataa soda, akafunua leso. Akaiinua picha karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Salma, nipe miwani yangu."

"Umeivaa, Bibi."

Akatazama tena. "Komora, huyu ni nani?"

"Ni Mwana Tima, Bibi. Nimemsafisha kidogo tu. Ule uchafu ulikuwa umemficha, sasa ndiyo unamwona alivyokuwa."

"Uchafu."

"Ndiyo, Bibi."

Salma akaichukua mkononi mwa bibi yake. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Ami," akasema polepole, "si huyu ndiye dada wa ule ubao wa saluni, pale steji tuliposhukia? Hata hereni ni zile zile."

Sikuwa nimewahi kuutazama ubao ule wa Kazungu. Nilipita mbele yake kila siku.

"Shavu la Mwana Tima liko wapi?" Bi Fatuma akauliza.

"Lipo, Bibi, hilo hapo."

"Hili limelala. Lake lilikuwa limetuna." Akaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe la kushoto, penye mikunjo. "Alikuwa hatulii, mtoto wa miaka minane akae kitako mbele ya Mzungu tangu asubuhi. Mama yake akamtia kipande cha halua mdomoni akamwambia, usitafune mpaka mgeni amalize. Akaweka shavuni. Na yule mgeni akachora alichokiona. Ndiyo sababu bibi arusi wetu akivaa hii hutiwa halua shavuni naye. Wanawake humchekesha makusudi. Akitafuna kabla ya wimbo kwisha, hutaniwa mpaka azae."

Ule uvimbe. Nilikuwa nimeuona. Ndio niliouita maji, na ndipo pamba yangu ilipoanzia.

Nikasema kila kitu. Pamba, ukwaju, kitambaa, Kazungu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta yangu ya mninga kama mtoto mbele ya mwalimu, na niliyasema nikitazama kaunta. Nikauliza, kama mtu anayezama anavyoshika nyasi, "Salma, mwanangu, hamna hata picha moja ya simu? Ya arusi yoyote?"

"Arusi zetu simu huachwa mlangoni, ami." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Umemfuta. Wote walimvaa. Mama yangu alimvaa. Mimi ndiye wa kuvaa mwanamke wa saluni?"

"Bibi, taja bei," nikasema. Hiyo ndiyo lugha niliyokuwa nayo. "Taja yoyote. Elfu hamsini. Laki. Nina pesa, Bibi, sikuambii uongo."

"Laki nikamfunge nayo Salma kifuani?"

Salma analia, anajifuta kwa ncha ya mtandio asije akaharibu hina. "Basi sitavaa kitu," akasema.

"Utavaa," Bi Fatuma akasema. Hakupandisha sauti hata mara moja siku ile, na mimi ningelipa ili apandishe. Alikuwa anatazama nje, ng'ambo ya barabara. "Ile nyumba yenye mapicha mlangoni ni ya nani?"

"Ni studio, Bibi. Picha za pasipoti, za vitambulisho."

"Inuka, Salma."

"Bibi! Wewe? Picha?"

"Mwana Tima alikaa mbele ya mgeni akatazamwa mpaka akapatikana. Pua hiyo uliyonayo ni yake, mimi ndiye niliyeijua. Fumba mdomo twende." Kisha akanigeukia. "Na wewe kalete halua."

Nikavuka barabara, mimi Komora, mchana kweupe, nikaingia duka la Msomali wa pembeni.

"Komora! Halua leo? Kuna arusi?"

"Ipo."

"Ya binti yako?"

"Nipe halua, bwana."

Studio ni chumba kimoja na pazia jeupe. Mwenye studio, bwana mnene wa upole, alimkalisha Salma kwenye kigoda. Bi Fatuma akakata kipande cha halua kwa vidole, akakitia mdomoni mwa mjukuu wake, akakisukuma upande wa kushoto. "Usitafune."

"Mama, samahani," mwenye studio akasema. "Picha ya namna hii haikubaliki. Shavu limejaa. Watairudisha."

"Watairudisha nani? Sisi hatusafiri."

Akanitazama nimsaidie. Nikatazama chini.

"Haya, dada. Tazama hapa. Usicheke."

Ukimwambia mtu mwenye halua shavuni asicheke, mnajua kinachotokea. Macho ya Salma yalikuwa bado mekundu, na mdomo umeanza kutetemeka upande mmoja, anapigana nao. Bi Fatuma aliinama, akamtazama mjukuu wake vile, kwa muda, kwa karibu, kama alivyokuwa ameitazama ile picha dukani.

"Sasa," akasema.

Mwenye studio akaichapisha picha, akaikata kwa mkasi, mviringo mrefu, akiigeuza geuza, mpaka ikalingana na ile fremu. Bibi akanipa ile fremu niifungue. Mikono yangu ilijua kazi hata kama mimi sikutaka kuwa pale. Nikakitoa kioo, nikamweka Salma juu ya mwanamke wa Kazungu, ambaye yuko huko chini mpaka leo akiwa na hereni zake, nikafunga. Bi Fatuma akapitisha kidole gumba juu ya kioo.

"Kioo chako kizuri," akasema. Alimaanisha. Sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo, na sikufungua duka tena baada ya mwezi ule. Kila nilichokishika nilijikuta natafuta uso wake kwanza, na vitu vingine havina, na nikawa siwezi kutaja bei.

Mwenye studio akasema picha za pasipoti huuzwa nne nne, hauzi moja. Bibi akazichukua zilizobaki, akazikunja kwenye leso pamoja na ile fremu. "Mlipe bwana," akaniambia. Nikatoa noti ya elfu, nikasema abaki nayo yote.

"Mrudishie chenji yake," Bi Fatuma akamwambia, na akasimama pale mlangoni mpaka nikaipokea na kuihesabu mbele yake.

Picha mia mbili. Halua hamsini. Shilingi mia mbili na hamsini, ndiyo bei yote aliyokubali nilipe.